Jina la Mgongoni

Kawetele, Tukuyu
9 Juni 2024

Kwa wifi yangu Felista, Mama Ambindwile,

Ndaga. Sisi wazima, masika yamekatika na baridi imeingia kweli kweli. Nakuandikia kwa mkono, ualimu haujanitoka hata baada ya kustaafu. Saad, yule mwenye duka la kuchapa karatasi karibu na stendi ya Tukuyu, ataipiga picha akutumie kwenye simu. Ukijibu, atanichapia barua yako kwa herufi kubwa. Najua anasoma kabla ya kunipa, wala sijali.

Nisikuzungushe. Jumatano nilimpeleka Tata mjini kuangaliwa macho. Daktari anasema hayatarudi, ataendelea kuona mwanga na vivuli tu. Baba yangu alishatambua hilo kabla ya daktari, akaniambia tusipoteze nauli tena. Tulipopita dukani Saad akatuita: njooni mwone mjukuu wenu, yuko mtandaoni. Akatuwekea video. Watu wamevaa kofia ngumu, wamefutuka kama magunia ya viazi, wanateleza juu ya barafu wakiwa na magongo wanakimbiza kidude cheusi. Saad akanyoosha kidole: yule pale. Nikaangalia mgongo wa shati lake. Pameandikwa AMONI.

Nilidhani ndivyo wanavyofanya huko, kila mtu anaandika jina analotaka. Nikamwambia Saad anisomee migongo ya wenzake. Anasema yote ni majina ya ukoo, ya baba zao na babu zao. Wetu peke yake ndiye amebandikwa jina la babu wa kukeni.

Mimi ningenyamaza, maana Tata haoni. Lakini kusikia anasikia. Mtangazaji alipiga kelele, Amoni, Amoni, na Tata akaniuliza: "Amoni ni nani?" Nikasema sijui. Tukiwa kwenye bodaboda njiani kurudi akauliza tena. Wifi, mimi najua na wewe unajua. Amoni ni baba yako, wa kule Lupepo. Mtoto tulimpa jina la baba yangu, Ambindwile, alibatizwa mbele ya macho yetu, na ng'ombe wa mahari walitoka wote. Mkaondoka naye ana miaka miwili. Leo amekuwa mtoto wa Lupepo lini?

Unajua Tata amekusudia kuwaita ndugu mwezi wa kumi, aonyeshe nani atachukua kile kiwanja cha Lutufyo, pale kwenye migomba alipozikwa kaka yangu, mumeo. Alikuwa amekiweka kwa ajili ya mjukuu wake. Sasa anauliza Amoni ni nani.

Jambo lingine. Kila nikikupigia nikiwa na Tata pembeni, simu yako inakatika. Nikiwa peke yangu inasikika vizuri kabisa. Mtandao gani huo unaomchagua mtu?

Wifi yako,
Atupakisye


Esbjerg, Denmark
16 Juni 2024

Wifi Atupakisye,

Nimepata barua. Nashukuru kusikia mu wazima, na nasikitika kuhusu macho ya Mzee.

Jina la mtoto ni lile lile alilopewa siku ya ubatizo. Halijafutwa. Nakutumia picha ya pasi yake ya kusafiria, uone mwenyewe: limeandikwa mara mbili, mbele na nyuma, na la baba yake katikati. Hilo la shati ni jina la nyumbani. Alianza kuitwa hivyo akiwa mdogo, nilipokuwa nafagia ule ukumbi wa barafu jioni na yeye ananisubiri. Mzee mmoja anayetunza barafu alimpa viatu vya vyuma vya zamani asije akachoka kukaa. Kocha akaniuliza huyu anaitwa nani, nikamjibu. Limebaki hilo.

Nakuomba uelewe pia huyu mtoto amefika wapi. Denmark ni nchi ndogo kwa mchezo huu wa magongo ya barafuni. Kumbi zenyewe chache, na mtoto akionekana anajua lazima aondoke. Wetu alikwenda Sweden ana miaka kumi na sita, analala kwenye nyumba ya watu, analia kwenye simu na kunidanganya kwamba ana mafua. Wale wakubwa wa Amerika walipokuja kumtazama, walisikia ametoka Denmark wakauliza mara mbili. Walimchagua karibu na mwisho, wakati wengine wameshafunga mabegi. Mwezi wa tisa anakwenda kwenye kambi yao. Akifanya vizuri ataingia ligi kubwa kabisa. Akiharibu, hakuna atakayekumbuka kuita mtu mwingine kutoka huku.

Sasa na mimi nikuulize. Haya maswali ya jina, anayeuliza ni Mzee au ni wewe? Nasikia Prosper amerudi kutoka Mbeya na analima kwenye kile kiwanja. Ni mwanao, siwezi kumkataza. Nimeuliza tu.

Felista


Kawetele
30 Juni 2024

Mama Ambindwile,

Wewe ni fundi wa kumpiga mtu chenga, mchezo huo mwanao ameurithi kwako.

Nilikuuliza jambo moja, kwa nini Amoni. Umenijibu kuhusu viatu, kumbi na mafua. Pasi nimeiona. Pasi inakaa kwenye begi, nani anaiona? Tata hata ukimshikisha hasomi. Yeye anasikia, na anachosikia ni Amoni. Tena nimesoma barua yako mara tatu nikitumia kalamu nyekundu kama nasahihisha mtihani. Hujaandika jina la baba yangu hata mahali pamoja. "Lile lile." "Alilopewa." Hata salamu zako ni "Mzee." Ni jina gani hilo linalokuchoma vidole?

Prosper analima kile kiwanja kwa sababu pangekuwa pori. Ulitaka kaburi la kaka yangu liote magugu kwa heshima ya mtu anayeteleza kwenye barafu? Na barafu sisi tunaijua. Wiki hii imeshuka Isongole, imeunguza viazi vya watu vikawa vyeusi. Sijawahi kusikia mtu mwenye akili akilipwa kwa kukimbia juu yake.

Na meno yake yako wapi? Saad amenionyesha picha, mtoto anacheka pengo la meno mawili ya mbele na kovu limepita kwenye nyusi. Nikaonyeshwa pia ametupa glavu chini anapigana ngumi na mtu, na mwamuzi amesimama anaangalia. Huo ni mchezo au ni kilabu cha pombe? Unatuficha mengi.

Kwa kuwa umeanza kuchimba, na mimi nichimbe. Siku tulipomzika Lutufyo, ulikuja na mwili wa kaka yangu kutoka Ulaya, watu wote wanalia, na wewe ulijificha nyuma ya jiko umejifunika kanga hadi machoni. Hukumsogelea baba yangu hata kumpa pole. Mzee amezika mtoto wake wa kiume, mke wa marehemu hamtazami! Watu waliongea sana. Mimi nilikutetea mdomoni, lakini moyoni nilijiuliza huyu mwanamke ana nini na sisi. Bado najiuliza.

Nasema wazi. Mtoto akiingia hiyo ligi kubwa, mgongoni liandikwe jina la babu yake, Tata alisikie likiitwa kabla ya mwezi wa kumi. Lisipoandikwa, mimi nitasimama kwenye kikao cha ndugu niseme kiwanja kipewe anayekilima.

Atupakisye


Esbjerg
14 Julai 2024

Wifi,

Swali moja tu. Barua zangu unamsomea Mzee, au unamweleza unavyotaka?

Nimemwuliza mwanangu kama yuko tayari kupoteza kile kiwanja. Unajua amejibu nini? Ameuliza kama kaburi la baba yake litahamishwa. Nikamwambia halihamishwi. Akasema, "Basi nikija nitakuwa mgeni wa Prosper?" Nikaenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Hapa Denmark wanasema yeye ni wa Tanzania. Sweden walisema ni wa Denmark. Huko Amerika watasema anatoka mahali ambapo hapatoki wachezaji. Nilitaka awe na mahali pamoja duniani ambapo hakuna wa kumwuliza. Ndiyo hapo, kwenye migomba, na wewe ndiye umekaa mlangoni unauliza.

Niandikie maneno ya Mzee mwenyewe. Sitajibu hadi niyaone.

Felista


Kawetele
4 Agosti 2024

Mama Ambindwile,

Umetaka maneno ya Tata, haya hapa. Nimemsomea barua zote. Amesema hivi: "Kwa masikitiko makubwa nimepokea taarifa kwamba mjukuu wangu hatumii jina langu. Jambo hili limenivunjia heshima katika jamii. Naagiza lirekebishwe bila kuchelewa."

Umeridhika? Sasa jibu.

Atupakisye


Esbjerg
11 Agosti 2024

Mwalimu Atupakisye,

Hayo si maneno ya Mzee. Nilikaa kwenye ile nyumba miaka minne kabla hatujaondoka. Sikuwahi kukaa naye chumba kimoja, lakini ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao na nilimsikia kila siku. Hajawahi kusema "katika jamii." Alikuwa akikasirika anasema neno moja la Kinyakyusa halafu anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Hayo maneno ni ya barua ya shule kwa mzazi aliyechelewesha mchango.

Hujamsomea. Wala sishangai.

Felista


Esbjerg
15 Septemba 2024

Wifi Atupakisye,

Barua hii nimeituma kwa Saad, na nimemwomba kabla ya kukupa wewe amsomee Mzee, nzima nzima, mwanzo hadi mwisho, Mzee atakapopita dukani. Utakasirika. Kasirika tu. Nimechoka kupita kwenye mlango wako.

Mtoto yuko kambini Amerika. Walikuwa vijana wengi, kila wiki wanapunguzwa, na yeye bado yupo. Jana fundi wa mavazi wa timu amemfuata na kipimo, anataka kujua ligi ikianza washone jina gani mgongoni. Mwanangu ameniomba ruhusa ya kuandika jina la babu yake, ili mambo yaishe. Amenisomea herufi moja moja kwenye simu kuhakikisha hajakosea. Nikaiweka simu mezani nikatoka nje ya nyumba yangu mwenyewe.

Wifi, kweli hujui? Nimekaa miezi mitatu najiuliza kama unanitania. Halafu nikakumbuka kwamba wewe baba mkwe wako alikufa kabla hujaolewa. Hukuwahi kujifunika kwa mtu. Na kwa Mzee wewe ni binti, unalitaja jina lake unavyotaka, unampeleka kwa daktari, unamshika mkono. Mimi ni mkwe. Mama yangu alinifundisha usiku wa kuamkia harusi: hutaonana naye uso kwa uso, hutapita njia anayopita, sauti yako isimfikie, na jina lake halitatoka mdomoni mwako hadi ufe. Najua wengi siku hizi wameacha. Najua wapo wanaokula meza moja na baba mkwe na kupiga naye picha. Mimi sikuacha, na hakuna aliyenilazimisha. Lutufyo aliniambia, tuko Ulaya, nani atakuona? Nikamwambia nitajiona mwenyewe.

Sasa mmempa mwanangu jina hilo hilo. Mlitegemea nimwite nini? Baba yake alikuwa anamwita "Tata," kwa sababu amebeba jina la baba yake. Mimi nikamwita Amoni, jina la baba yangu, kwa kuwa ndilo jina la mzee ambalo ulimi wangu umeruhusiwa kulitaja. Ofisini wakiniuliza jina la mtoto nawapa pasi wasome wenyewe. Kocha hakuwa na muda wa kusoma pasi, aliuliza mtoto anaitwa nani, mtoto mwenyewe akiwa tayari kwenye barafu analia amedondoka. Nikasema Amoni.

Simu ikikatika ukiwa na Mzee, naikata mimi. Unaweka sauti kubwa, unaniambia msalimie Tata! Nimsalimie kwa mdomo gani?

Na mazishi. Nilimleta mume wangu kwenye sanduku nikakaa nyuma ya jiko kwa sababu Mzee alikuwa kaburini. Nilikuwa nasikia udongo unadondoka nikashindwa kwenda. Mzee alipoondoka mapema ndipo nikatoka nikamkuta Lutufyo ameshafunikwa. Hilo ndilo ulilonihesabia miaka yote hii. Limeniuma, wifi. Limeniuma kuliko habari ya kiwanja.

Basi nimemruhusu. Ashone hilo jina. Lakini ujue litakuwa na maana gani. Mchezaji akifunga, ukumbi mzima unaitikia jina lake, maelfu ya watu. Watakuwa wanataja jina la baba mkwe wangu kwa kelele, na mimi nimekaa katikati yao. Sitaweza. Nitampeleka mwanangu hadi mlangoni nitasubiri nje kwenye maegesho ya magari, mchezo ukiisha nitamchukua. Nimemwona akicheza tangu ana miaka sita, sijakosa hata mara moja alipokuwa karibu. Nitaanza kukosa akiwa amefika.

Kiwanja kikibaki kwake, nitakuwa nimelipa.

Felista


Kawetele
26 Septemba 2024

Wifi yangu Felista,

Barua hii isome umekaa.

Kwanza nilikasirika, tena sana. Nilifika dukani Jumamosi kununua kalamu, nikamkuta Tata amekaa kwenye kiti cha Saad, fimbo iko magotini. Prosper ndiye alimleta mjini, hakuniambia. Saad yuko katikati ya barua yako. Nikasema lete hapa hiyo. Tata akainua mkono hivi, kama anavyofanya kanisani watu wakinong'ona. Nikasimama mlangoni nikasikiliza na wateja wengine. Nimefundisha miaka thelathini, sijawahi kusimamishwa mlangoni.

Saad alipomaliza, Tata akasema, "Rudia pale pa mazishi." Akarudia. Kisha Tata akasema maneno ambayo nakuandikia kama yalivyotoka, na Saad ni shahidi, usije ukasema nimetunga:

"Nilimwona nyuma ya jiko. Macho yalikuwa bado yanaona. Nikajua huyu hawezi kuja mimi nikiwa hapa. Ndiyo maana niliondoka kaburini kwa mwanangu mapema, ili naye apate kumwaga udongo."

Wifi, siku ile na yeye nilimnung'unikia. Nilisema baba gani anaondoka kaburi halijajaa. Nilikuwa na kinyongo na nyinyi wote wawili, kumbe mlikuwa mnapishana.

Nilitegemea atasema basi, jina langu lishonwe. Hakusema. Saad akaanza kuhudumia watu. Halafu akauliza: "Hapo ndani wanakaa watu wangapi?" Saad akamwambia maelfu kwa maelfu, kuliko uwanja wa mpira wa Mbeya. Akauliza: "Na wote wanataja jina?" Saad akasema wote. Tata akatikisa kichwa. Akasema: "Sasa wakinitaja mimi, mkwe wangu atakaa wapi? Mtoto acheze huko mbali mama yake amesimama kwenye magari kama mlinzi? Hapana. Mwambieni huyo fundi aliache shati lilivyo."

Nikamwambia, Tata, lakini ni jina lako, ni ukoo wako. Akanigeukia, ingawa hanioni. "Jina langu huyu mwanamke amelitunza miaka ishirini ughaibuni bila hata kulitia mdomoni. Wewe unalitaja tangu asubuhi ukiwa unatafuta ndoo."

Saad akacheka. Nilimtazama akaacha.

Kikao cha ndugu hakikungoja mwezi wa kumi. Jumapili baada ya ibada aliwaita, akaenda na fimbo yake hadi kwenye kile kiwanja, akapapasa hadi akapata mahali, hatua chache kutoka kwa Lutufyo. Akamwambia Prosper achimbe. Prosper akachimba, wakapanda mgomba. Tata akaushika akasema mbele ya watu wote: "Huu ni wa Amoni." Mwenyewe. Kwa mdomo wake. Watu wa ukoo walitazamana, na mmoja alinong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Nikamwambia anyamaze.

Prosper hakufurahi. Na mimi, kwa kuwa unapenda ukweli, sikufurahi sana. Ni mwanangu, nilitaka apate pa kujenga. Ataendelea kulima pale hadi mwenyewe aje, na akija watajuana wao wanaume. Ulinishuku, na hukukosea. Lakini na mimi sikukushuku bure, maana mtu asiyesema kitu miaka ishirini anategemea wengine waote ndoto?

Mwambie fundi. Haraka, kabla hajashona.

Wifi yako,
Atupakisye

Meno yale amtafutie ya bandia.


Amerika, hotelini
14 Oktoba 2024

Wifi Atupakisye,

Nilipiga simu kambini saa ile ile niliyopata barua yako. Fundi alikuwa ameshakata herufi ya kwanza. Akaitupa.

Ameingia. Jana alicheza mara ya kwanza kwenye ligi kubwa. Wana desturi: mgeni akicheza siku yake ya kwanza, wenzake wanamwachia atoke peke yake. Wanajifanya wanatoka wote, kisha wanabaki mlangoni, na yeye anajikuta yuko pale peke yake kwenye barafu yote, bila kofia, ukumbi unamtazama. Akazunguka, mara moja, mara mbili, ana pengo lake, anacheka. Nyuma yangu watu wanaulizana, huyu ametoka wapi? Mmoja akasema Denmark, mwingine akasema haiwezekani. Mimi sikuulizwa. Nilisimama juu ya kiti nikaita. Nikaita Amoni hadi sauti ikakatika. Hakufunga, walishindwa, na alikaa kwenye benchi sehemu kubwa ya mchezo. Sijali hata kidogo.

Nilikuwa nimeshika simu narekodi. Nimemtumia Saad video ili Mzee asikie mtoto akiitwa. Nimeshatuma ndipo nikashtuka: simu ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo kelele zote za mwanzo ni zangu. Tafadhali sana wifi, kimbia mjini, mwambie Saad aizime sauti ile sehemu kabla Mzee hajafika. Nakuomba kwa heshima zote. Nitakuwa nimevunja kila kitu kwa kusahau mara moja.

Felista


Kawetele
16 Oktoba 2024

Wifi yangu Felista,

Barua yako Saad ameifungua leo, tumeshachelewa. Lakini tulia.

Jana Saad alituita. Mvua zimeanza mapema, tulifika tumelowa. Tata akapewa kiti mbele kabisa, karibu na spika, amevaa koti lake la Krismasi. Saad akabonyeza. Tukasikia zogo la watu, vyuma vinakwaruza, halafu sauti ya mwanamke, kali, karibu kabisa: Amoni! Amoni!

Tata akauliza, "Huyo ni nani?" Nikajisahau, nikajibu ni wifi.

Wifi, baba yangu ana miaka themanini na sita na haoni. Alisimama kabla sijamaliza neno. Alishika ukuta, akashika mlango, akatoka nje kwenye mvua, akavuka na kwenda kusimama kibarazani kwa muuza mitumba, ametupa mgongo, masikio ameyaziba kwa mikono miwili. Watu wa stendi wote wanamtazama. Saad alitaka kumfuata na mwavuli nikamzuia. Nilijua anafanya nini. Mara hii nilijua.

Video ikaisha. Zaidi ya hapo Tata hakumsikia mjukuu wake akiitwa. Nikaenda nikamgusa bega, akatoa mikono masikioni, maji yanamchuruzika usoni.

"Amemaliza?" akaniuliza.

Nikasema amemaliza.

"Alikuwa ndani? Hakusimama nje?"

Nikasema, Tata, alikuwa ndani, tena juu ya kiti.

"Haya," akasema. "Twende nyumbani."

Atupakisye